Aliyemlipa Mwalimu wa Nasari

Daftari langu la kwanza la nasari lilikuwa na safu mbili. Moja ilionyesha nani amekuja, nyingine nani amelipa. Ya mahudhurio niliijaza kila asubuhi kwa kalamu ya buluu. Ya karo niliijaza Ijumaa kwa kalamu nyekundu, na Jumatatu iliyofuata buluu ilikuwa imepungua. Mtoto akikaa mwezi mzima bila alama nyekundu, kamati ilinitaka nimrudishe kwao. Karo yenyewe ilikuwa shilingi tano kwa mwezi. Mwaka ulikuwa 1979, mahali ni Kadem, upande wa Macalder, katika wilaya iliyoitwa Nyanza Kusini, ambayo leo ni kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Nilikuwa nyar Karachuonyo, yaani binti wa Karachuonyo, niliyeolewa huko juzijuzi. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, sina cheti chochote cha ualimu, na kamati ya kanisa ilinichukua kwa sababu mbili: nilijua kuandika na nilijua kuimba.

Tulisomea kanisani. Jumatatu tulisukuma mabenchi ukutani, Ijumaa tukayarudisha, na herufi nilizoandika kwa mkaa ukutani zilibidi zifutwe kabla ya ibada. Kukiwa na mazishi tulihamia chini ya mti. Mshahara wangu ulikuwa kile kilichopatikana katika safu nyekundu, na kilipokosekana nililipwa mahindi, omena, na wakati mmoja jogoo ambaye mume wangu alisema ni wa wiki mbili za Februari.

Nasimulia haya kwa sababu wataalamu wakieleza redioni faida za serikali kuwekeza katika masomo ya watoto wadogo, husikika kana kwamba masomo hayo yalizaliwa siku serikali ilipotoa pesa. Huku kwetu yalikuwapo nusu karne kabla ya hapo, na katika vijiji nilivyofundisha hakuna mwalimu wa nasari aliyewahi kupokea mshahara wa umma wakati huo wote. Kwamba yana faida, wazazi walijua. Mtu hauzi omena zake za jioni alipie kitu asichokiona maana yake. La kuuliza ni nani alilipa, na nani akavuna bila kulipa.

Kabla ya nasari kulikuwa na siwindhe. Wajaluo wa umri wangu wanaijua, hata kama wengine waliiwahi ikiwa inakufa: nyumba ya mama mzee, mara nyingi mjane, ambamo wasichana na watoto wadogo walilala. Mzee huyo aliitwa pim. Jioni, baada ya kuon, yaani ugali, na mboga, alitega vitendawili, akasimulia sigana, hadithi zetu za kale, akamsahihisha mtoto aliyetaja vibaya jina la babu yake. Mwanahistoria Mmarekani David William Cohen aliandika juu ya pim mwaka 1985, na jambo alilolitilia mkazo ni kwamba mama huyu kwa kawaida hakuzaliwa katika ukoo ule; aliolewa kutoka kwingine, kwa hiyo watoto walijifunza kwake dunia iliyo pana kuliko boma lao. Mimi nilipitia kwa bibi yangu kule Karachuonyo, chini ya milima ya Homa, na nathibitisha. Yeye alizaliwa Kanyamwa, na mimi nilizijua koo za Kanyamwa kabla sijazijua zetu.

Hata hivyo sitaki kuipamba siwindhe. Pim alifundisha usiku. Mchana mama alikuwa shambani au ufukweni, na mtoto mdogo alibebwa na japidi, msichana wa miaka sita, saba, minane. Nilikuwa japidi wa ndugu zangu wawili. Kazi hiyo hailipwi na hairuhusu kwenda shule, na ndiyo sababu katika darasa langu la kwanza la msingi nilikuwa nimewazidi wavulana wengi kwa miaka mitatu. Malezi ya watoto wadogo Nyanza Kusini yalikuwa na gharama siku zote, na gharama hiyo ilikatwa kwenye miaka ya shule ya dada mkubwa. Wachumi waliofanya utafiti magharibi mwa Kenya miaka ya karibuni wamegundua kwamba mtoto aliyetanguliwa na dada ana msamiati mkubwa kuliko aliyetanguliwa na kaka, maana dada hukaa naye, humsemesha, hucheza naye. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu. Bibi yangu angewaambia bure.

Wamisionari hawakushughulika na watoto wa umri huu. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen, na pamoja naye Peter Nyambo kutoka Nyasa, nchi ambayo sasa ni Malawi. Walifungua shule, wakaleta mtambo wa kuchapia, wakachapa vitabu kwa Kijaluo. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa vijana na watu wazima, wengine wenye ndevu. Shule ilikuwa mbali, njiani kulikuwa na mito, na mtoto mdogo alikuwa na ndama wa kuchunga. Zilipofika zama zangu, ukitaka kuingia darasa la kwanza uliambiwa upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa uguse sikio la kushoto. Vidole vikifika, umekua. Visipofika, rudi nyumbani, uje mwakani. Hakuna aliyeuliza utafanya nini mwaka huo mzima.

Shule za watoto wadogo zilianza Kenya miaka ya arubaini kwa Wazungu na Wahindi mijini. Kwa Waafrika zilianzia katika mashamba makubwa ya chai, kahawa na miwa, na katika vijiji ambamo serikali ya kikoloni iliwasukuma watu wa Kenya ya Kati wakati wa hali ya hatari, miaka ya hamsini. Sababu zote mbili zilikuwa za mwajiri na mtawala: mama achume majani, mama achimbe handaki, na mtoto awekwe mahali. Watu wetu wengi walichuma chai Kericho. Walikuta kule vibanda vya kutunzia watoto vyenye yaya na uji, na waliporudi Oyugis na Rongo walikuja na wazo hilo pamoja na mablanketi.

Kisha ukaja uhuru wa 1963, na harambee, ile michango ya wananchi ya kujijengea wenyewe. Shule za sekondari za harambee zimeandikiwa vitabu. Za nasari hazikuandikiwa, labda kwa sababu hakuna waziri aliyealikwa kuzifungua. Wanawake walikutana baada ya kanisa. Mmoja alitoa kona ya shamba, wengine wakachota maji na kukandika udongo, na chifu akaja kusema kwenye baraza kwamba kazi hii ni ya maendeleo. Wizara iliyozisimamia ilikuwa ile ya maendeleo ya jamii, si ya elimu. Maana yake serikali ilizihesabu pamoja na vikundi vya kushona na kufuga kuku.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa kwetu hulisema kwa kunong'ona, kwa heshima ya marehemu. Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka 1965, uliopanga uchumi wa Kenya huru, ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza pale zitakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri. Aliyeufikisha Bungeni na kuutetea ni Tom Mboya, ambaye asili yake ni Rusinga, kisiwa cha Homa Bay chenye mawe na mvua haba. Hoja yake ilikuwa na mantiki ya kiuchumi, kwamba utajiri wa huko ungegawanywa baadaye. Ila mtoto wa miaka minne hana baadaye ya kungojea. Baada ya miaka mitatu ameshavuka. Nyanza Kusini ikajengewa kiwanda cha sukari Awendo mwaka 1979, na ukiondoa hicho tuliachiwa harambee.

Mwaka huohuo wa 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya shule. Mjukuu wangu haamini nikimwambia yalikuja katika pakiti za pembe tatu. Kwetu yalifika mara moja moja, barabara ya Macalder ikiruhusu, na yalikuwa ya shule ya msingi. Wangu walisimama kwenye ua wa michongoma wakitazama wenzao wakinyonya pembe. Mwalimu mkuu wa jirani alikuwa mtu mwema, akawa anatubakizia pakiti kadhaa, nami nikizigawa kwa kifuniko cha mkebe wa Kimbo. Karo ya shule ya msingi nayo ilikuwa imefutwa: darasa la kwanza hadi la nne kuanzia 1974, na yaliyosalia mwaka huo wa maziwa. Nasari haikutajwa. Basi mama aliyekuwa na watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mmoja wa miaka minne, alimlipia yule mdogo na hakumlipia yule mkubwa. Sijaona mahali pengine ambapo ngazi ya kwanza ndiyo yenye kiingilio.

Mwaka 1980, kwa waraka wa rais, nasari zilihamishiwa Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo katika Taasisi ya Elimu ya Kenya pale Nairobi, na kuanzia mwaka uliofuata vituo vya wilaya, ambavyo sisi tuliviita Daisisi kama jina lake la kifupi lilivyotamkwa. Sitasema haya hayakuwa na maana. Yalibadilisha maisha yangu.

Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili, lakini ya likizo tu: Aprili, Agosti na Desemba tulikusanyika bwenini, na muhula ukifunguliwa tukarudi kufundisha, mkufunzi akatufuata na pikipiki yake kuona kama tunafanya tuliyoagizwa. Nilianza 1987. Tulikuwa wanawake watupu isipokuwa wanaume wawili, na wengi wetu tulikuwa na watoto mgongoni. Kwa hiyo kila mwenye mtoto alikuja na japidi. Ndani ya ukumbi tulikuwa tukifundishwa hatua za ukuaji wa mtoto, kwamba umri wa miaka minane ni umri wa kucheza na kusoma, na nje, chini ya mjakaranda, walikuwa wameketi wasichana wa miaka minane na tisa wakiwabembeleza watoto wetu. Mkufunzi mmoja wa kike alikatisha somo siku moja, akatutazama, akatazama dirishani, akasema, "Hebu tuanze na hao." Kuanzia siku hiyo kila alasiri wanafunzi wawili wa zamu walitoka kwenda kuwafundisha majapidi, na hayo yakahesabiwa kuwa mazoezi yetu ya kufundisha. Wawili kati ya wasichana wale walikuja kuwa walimu.

Tulichojifunza kilikuwa kazi ya mikono zaidi ya nadharia. Visoda vya soda vikatobolewa kwa msumari, vikatungwa kwenye waya vikawa vya kuhesabia. Migunzi ya mahindi ikawa jamaa: baba mgunzi mrefu, mama mwenye kitambaa, watoto. Katoni za sabuni zikakatwa kadi. Trei ya mchanga ikamfundisha mtoto kuandika kwa kidole kabla hajashika penseli, na mchanga hauishi kama daftari. Udongo wa kufinyangia tuliutoa kingo za mto Kuja, ule mweusi usiopasuka. Kona moja ya darasa ikawa duka, lenye mikebe mitupu na mizani ya vifuu viwili. Mtoto wa mvuvi wa Sori alipocheza duka aliuza omena kwa gorogoro, akaongeza kidogo juu, kama mama yake, na hapo ndipo nilipomfundisha nusu na robo.

Wazazi hawakupenda. Walitaka Kiingereza, walitaka daftari lililojaa. Mama mzee mmoja, dani, yaani bibi, wa mvulana aliyekuwa hodari sana wa visoda, alinifuata hadi nyumbani jioni. Tulisalimiana, nikampa kiti, akakataa chai.

"Nyar Karachuonyo," akaniambia, "mimi sikumleta mjukuu wangu kucheza na visoda. Visoda viko nyumbani. Bure."

Nilimwomba aje asubuhi. Alikuja, akaketi nyuma kwenye mkeka saa mbili nzima, fimbo yake magotini, na alipoona mjukuu akigawa visoda ishirini kwa watoto wanne bila kukosea, aliinuka akasema lile nisilolisahau: "Sasa mfundishe ahesabu ng'ombe." Akalipa ya miezi miwili.

Lakini angalia Wizara ilileta nini: mtaala, mkufunzi, mkaguzi, cheti. Mshahara haukuja. Niliporudi na cheti changu, kamati ilipiga makofi, na safu nyekundu ikaendelea kama zamani. Hata mkopo wa Benki ya Dunia uliokuja 1997 kwa elimu ya watoto wadogo, mradi uliofungwa 2004, ulienda zaidi kwenye mafunzo na misaada kwa jamii. Mwalimu alizidi kufunzwa, na kwa kuwa alifunzwa, akazidi kuondoka. Aliyepata nafasi chuo cha ualimu wa msingi hakurudi nasari. Namwelewa.

Pwani walikwenda njia nyingine, na inafaa nilitaje hilo kwa kuwa wasomaji wengi ni wa huko. Mombasa, mwaka 1986, Bi Swafiya Said alianzisha shule za awali za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda 1993. Nao walitegemea jamii, msikiti ukitoa nafasi, akina mama wakitengeneza vifaa kwa vifuu na makuti. Na tafiti zilizofuata zilionyesha watoto wao wakitangulia katika kufikiri na kuhesabu. Tofauti yao na sisi ilikuwa kwamba nyuma yao palikuwa na mtu aliyewafuata walimu mwaka hadi mwaka.

Miaka ya tisini ukimwi ulitufikia, na hapo mpango wa "mzazi alipe" ukakosa mzazi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2007 ulikuta maambukizi Nyanza ni 14.9 kwa kila 100, maradufu ya wastani wa nchi. Nyuma ya tarakimu hiyo kulikuwa na watoto ambao kwenye daftari langu, pale pa jina la mzazi, niliandika dani, dani, dani. Bibi mmoja wa Karungu alikuwa na wajukuu saba kutoka kwa mabinti na wana watatu. Ningemrudisha nani? Kikundi cha wanawake kikaanza kuleta unga wa mtama na wimbi, tukapika uji katika sufuria ya kanisa, na mahudhurio yakapanda mara moja. Kamati ililalamika kwamba ninafundisha wasiolipa pamoja na wanaolipa, na wanaolipa wameanza kuuliza kwa nini walipe. Swali lao lilikuwa halali kabisa. Jamii maskini ikijilipia shule, mwenye shida zaidi ndiye hutoka kwanza, na hilo halitatuliwi kwa wema wa mwalimu.

Januari 2003 serikali ya Kibaki ikatangaza elimu ya msingi bila malipo. Nchi nzima wanafunzi walitoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kila mwanafunzi wa msingi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Wa nasari hakutengewa kitu. Nadhani mtu yeyote aliyewahi kuishi na shilingi chache angeweza kutabiri kilichofuata: madani waliwashika mkono wajukuu wa miaka minne na mitano wakawapeleka darasa la kwanza, ambako ni bure. Mkono haukufika sikioni, na hakuna aliyeuliza. Nasari yangu ilianza mwaka na watoto arubaini, ikafika Pasaka na kumi na mmoja. Walimu wenzangu wawili walifunga milango kabisa. Mmoja akaenda kuuza mitumba Awendo, na mwingine akaenda kusaga mawe ya dhahabu kule Macalder, mtoto wake kando ya kinu.

Jirani yetu wa darasa la kwanza akawa na watoto zaidi ya mia. Baadhi yao hawakuwahi kushika penseli, na baadhi walilala saa nne asubuhi kwa sababu ndiyo saa yao ya kulala. Alikuja kwangu kuazima visoda. Uwezo, shirika lililopima masomo ya watoto nyumbani, lilipoanza upimaji wake mwaka 2009 na kutoa ripoti, Wakenya walishtuka kusikia kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu ni kama watatu tu wanaoweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Sisi wa nasari hatukushtuka. Taifa lilikuwa limefanya orofa ya pili kuwa bure na kuacha ya chini ibomoke.

Sasa nirudi kwenye uji, maana uji ndio uliopimwa. Kuanzia mwaka 2000 wachumi Christel Vermeersch na Michael Kremer walifuatilia nasari 50 upande wa Busia na Teso, si mbali na kwetu. Kwa bahati nasibu 25 zilipewa uji wa asubuhi, 25 hazikupewa. Mahudhurio katika zile za uji yalizidi kwa karibu asilimia 30. Hilo hata jogoo wangu wa Februari angelijua. Lakini matokeo mengine ndiyo ninayowaambia kila anayenisikiliza: alama za masomo zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu wa kutosha tangu awali. Kwingine uji ulikula muda wa kufundisha na darasa likafurika. Tena shule zilizopata uji zilipandisha karo, na zilizokuwa jirani zikashusha zake ili zisipoteze watoto. Soma hapo historia yetu yote. Msaada ulipitia kwenye soko la shilingi tano tano, na soko likaumeza sehemu yake.

Marekani wana mfano wao wanaoutaja siku zote: nasari ya Perry, Ypsilanti, Michigan, iliyoanza 1962 na watoto 123 waliogawanywa makundi mawili, wakafuatwa hadi utu uzima. James Heckman, mshindi wa Nobeli ya uchumi, na wenzake walikadiria kila dola iliyowekezwa ilirudisha kati ya asilimia 7 na 10 kwa mwaka. Naiheshimu hesabu hiyo, ila siibebi nzima kuileta Sori. Walimu wa Perry walikuwa na shahada na walilipwa na umma, na kila mwalimu alikuwa na watoto wachache na muda wa kuwatembelea nyumbani. Anayetaka asilimia za Perry anunue na walimu wa Perry.

Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, ikazipa kaunti elimu ya awali. Mwaka 2013 zikaanza kazi, na baada ya mabishano ya mahakamani na magazetini juu ya nani amwajiri mwalimu wa nasari, kaunti zikaajiri. Nilikuwa nimebakiza miaka michache ya nguvu. Nilipata mkataba, nikapata hati ya malipo yenye jina langu, na mtoto wa mwisho niliyewahi kumrudisha nyumbani kwa karo alirudishwa kabla ya hapo. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya fedha za umma, na haimo katika tafiti: mwalimu anaacha kuwa mkusanya madeni. Mama ananiona barabarani na hajifichi. Ya pili ilionekana shule ya msingi ya jirani, kwa wasichana wa darasa la nne na la tano, waliokuwa wakikosa Jumatatu na Alhamisi, siku za soko, kwa kulea wadogo zao. Mdogo akikaa nasari hadi saa sita bila kulipa, dada anaingia darasani. Mwanauchumi akipiga hesabu ya nasari bila kumhesabu japidi, ameacha nusu ya mapato nje ya kitabu.

Mtaala mpya ulianza kujaribiwa 2017 na kusambazwa nchini 2019, wenye PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya elimu ya awali, na unasifu kucheza na vifaa vya mazingira. Vijana wanaona ni jambo geni. Nilimwonyesha mmoja visoda vyangu akaniuliza nilivipata katika semina gani.

Kinachonikera ni majengo. Ukipita leo kutoka Rongo hadi Muhuru Bay, au kutoka Oyugis hadi Mbita, utaona madarasa ya nasari ya mawe, rangi mpya, na maandishi makubwa ya nani aliyejenga. Ni mazuri, na aliyefundisha chini ya mti hawezi kuyabeza. Lakini darasa hujengwa mara moja na lina utepe wa kukata, ilhali mshahara hulipwa kila mwezi na hauna sherehe. Katika kaunti nyingi nchini walimu wa nasari wamekaa miaka kwa mikataba ya muda, wakidai muundo wa utumishi kama watumishi wengine, hata baada ya sheria ya elimu ya awali ya 2021. Nimeingia darasa moja lenye viti vya rangi nne na watoto sitini na wanane, mwalimu mmoja, na mwalimu huyo alikuwa akisaidiwa na msichana wa miaka kama kumi, ambaye hakuwa na sare.

Nilihudhuria kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, kwenye ukumbi wa wadi. Ofisa alisoma kwamba madarasa mapya yatajengwa mangapi. Niliomba kusimama. Nilimwuliza, kwa heshima, fedha za darasa moja zingemlipa mwalimu mmoja kwa miaka mingapi, na nikamwomba apige hesabu palepale, simu anayo. Aliipiga. Akaitazama, akamwonyesha mwenzake, akasema jambo hilo ni la bodi ya uajiri, si la idara yake. Wanawake wa nyuma waliguna. Mmoja, mchuuzi wa omena mwenye wajukuu watatu PP1, alisimama bila kupewa nafasi akataka kujua bodi hiyo hukaa wapi na hufunguliwa siku gani. Ofisa akaandika. Kikao kijacho ni Februari, na tumekubaliana kila mmoja aje na hesabu ya shule ya kwao: watoto wangapi, walimu wangapi, na wangapi kati yao wana mkataba.